Gavana wa jimbo Marekani hukaa miaka mingapi? Jibu kwa mama wa Des Moines

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne. Nimetoka Bukavu, sasa tunakaa Des Moines, jimbo la Iowa. Mwanangu alirudi na kazi ya shule: gavana wa jimbo hukaa madarakani miaka mingapi? Nikawapigia simu ndugu zangu waliotawanyika humu Marekani. Kaka yangu wa Houston akasema hakuna mwisho, gavana anakaa mpaka achoke au achokwe. Binamu wa Richmond, Virginia, akasema ni minne tu, kisha hana ruhusa ya kugombea tena papo hapo. Dada wa Manchester, New Hampshire, akasema miwili. Kwetu Kongo najua ni mitano. Nimwamini nani? Nauliza pia kwa ajili yangu mwenyewe, maana nimepata uraia na Novemba hii ya 2026 nitapiga kura kwa mara ya kwanza.

JIBU: Mama, kwanza hongera kwa uraia. Pili, waamini wote watatu. Kila mmoja amekueleza sheria ya jimbo analoishi, na ameieleza sawasawa. Kosa lao ni kudhani kwamba na majirani wanaishi kwa sheria hiyohiyo. Mwalimu wa mwanao pengine ataona "miaka minne" kwenye daftari na kuweka alama ya vema. Lakini wewe unakwenda kwenye sanduku la kura, kwa hiyo nakupa jibu zima.

Katiba ya Marekani, ile ya nchi nzima, haina neno hata moja juu ya gavana akae miaka mingapi. Rais amewekewa ukomo na marekebisho ya 22 ya katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1951: hachaguliwi zaidi ya mara mbili. Marekebisho hayo yanaishia mlangoni pa Ikulu ya Washington. Gavana ni mtu wa katiba ya jimbo lake, na majimbo ni 50, kila moja na katiba yake na historia yake ya kumwogopa mtawala. Sisi tuliolelewa chini ya katiba moja ndipo tunapopotea hapo. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 198, inasema gavana wa jimbo huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka mitano na anaweza kurudia mara moja tu. Iwe Kivu Kusini, iwe Kongo-Kati, ni hivyo hivyo. Kenya nako ibara ya 180 ya katiba ya 2010 imewafunga magavana wa kaunti zote 47 kwa mihula miwili. Tanzania swali lenyewe halipo, kwa kuwa mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais na hukaa kadiri Rais atakavyo. (Na wewe mtu wa Kivu huhitaji kuambiwa kwamba miaka ya kwenye karatasi inaweza kusimamishwa: Kivu Kaskazini na Ituri waliwekewa magavana wa kijeshi tangu Mei 2021.)

Ili usichanganyikiwe, tenganisha maswali mawili ambayo watu huyakoroga pamoja. La kwanza: muhula mmoja una urefu gani? La pili: mtu mmoja aruhusiwe mihula mingapi? Chukulia kuwa ni makufuli mawili kwenye mlango mmoja, na kila jimbo limeamua lifunge lipi.

Kufuli la kwanza ni rahisi. Katika majimbo 48 muhula ni miaka minne. Yaliyobaki ni mawili yanayopakana huko kaskazini-mashariki, New Hampshire na Vermont, ambako ni miaka miwili. Dada yako yuko sawa kabisa.

Kufuli la pili ndilo lenye mambo. Majimbo 13 hayana ukomo wa mihula hata kidogo. Iowa yenu imo, Texas ya kaka yako imo, na New Hampshire imo pia, pamoja na New York, Illinois, Massachusetts, Minnesota, Washington na mengine. Majimbo 37 yaliyobaki yana ukomo wa namna moja au nyingine, na wa Virginia ni wa peke yake nchi nzima: gavana hawezi kujirithi. Akimaliza minne yake anatoka, hata kama kila mpiga kura wa jimbo anamtaka.

Tofauti zote hizi zina chanzo. Kabla ya uhuru, magavana wa makoloni mengi walikuwa watu wa mfalme wa Uingereza. Walivunja mabaraza waliyoyachukia na kukataa sheria zilizopitishwa na wenyeji. Gavana wa mwisho wa kifalme wa Virginia, Lord Dunmore, alikimbia mji wa Williamsburg mwezi Juni 1775 na kwenda kutawala akiwa kwenye meli. Watu waliokaa mwaka uliofuata kuandika katiba zao waliandika wakiwa bado wana hasira hiyo. Pennsylvania iliondoa kabisa cheo cha gavana ikaweka baraza la watu 12. Virginia ilimbakiza gavana lakini ikamfupisha: achaguliwe na bunge kila mwaka, asizidi miaka mitatu mfululizo, na akitoka asirudi mpaka ipite miaka minne. Gavana wa kwanza, Patrick Henry, alikaa mitatu, 1776 hadi 1779, akaenda zake, akaja kurudi 1784. Unapomsikia binamu yako wa Richmond akisema "minne tu, kisha hana ruhusa," hiyo ni sauti ya mwaka 1776 bado inasema. Miaka imebadilika, hofu ni ileile.

New York walifikiri tofauti. Katiba yao ya 1777 ilimpa gavana muhula wa miaka mitatu, achaguliwe na wenye mali, na haikuweka kikomo chochote. Matokeo yake George Clinton alikaa miaka 18 bila kutoka, kuanzia 1777 hadi 1795, akarudi tena 1801 hadi 1804. Jumla miaka 21. Kumbuka jina hilo, nitalirudia.

Majimbo mengine yalianza na muhula wa mwaka mmoja, yakapanda hadi miwili, kisha minne. Massachusetts walimchagua gavana kila mwaka tangu 1780 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wakaenda miwili, na minne ikaanza na uchaguzi wa 1966. Texas walikuwa na miwili hadi uchaguzi wa 1974. Iowa pia ilibadilika na uchaguzi wa 1974. Arkansas ilisubiri hadi 1986, ndiyo maana Bill Clinton alisimama kwenye uchaguzi wa ugavana mara sita, 1978 hadi 1990, akishindwa mara moja, 1980, kabla hajawa rais. Mtu anayegombea kila baada ya miezi 24 hana nafasi ya kupumua: mwaka wa kwanza anajifunza ofisi, wa pili yuko barabarani anaomba kura.

Sasa angalia biashara iliyofanyika wakati huo, maana ndiyo jambo ninalotaka ulichukue kutoka kwenye barua hii. Majimbo kadhaa yalipofungua kufuli la kwanza yalifunga la pili papo hapo. Ohio ilipoongeza muhula kutoka miwili hadi minne, katika mabadiliko ya 1954, iliweka ukomo wa mihula miwili mfululizo. Rhode Island walifanya vivyo hivyo kwa kura ya 1992. Ni kama wananchi walisema: tunakupa muda mrefu zaidi kati ya mtihani mmoja na mwingine, lakini hutafanya mitihani mingi. New Hampshire na Vermont walibaki upande wa pili wa biashara hiyo: muda mfupi, mitihani isiyohesabiwa. Phil Scott wa Vermont ameshinda mara tano, tangu 2016 hadi 2024. Kule New Hampshire kuna jambo linalonipendeza sana. John Lynch alishinda mara nne, akaondoka 2013. Chris Sununu alishinda mara nne, akaondoka Januari 2025. Wote wawili hawakushindwa, waliamua tu kutogombea, na wote waliishia kwenye miaka minane, hesabu ileile ambayo kwingine imeandikwa kwa sheria. Dada yako akikuambia kwao ni miwili, mwulize ni miwili mara ngapi.

Yako majimbo ambayo hayakufanya biashara hiyo. Yaliongeza muhula hadi minne na kuacha kufuli la pili wazi. Iowa na Texas ni miongoni mwao, na ndiyo maana kaka yako anasema hakuna mwisho. Kule kwake Rick Perry aliingia Desemba 2000, siku George W. Bush alipojiuzulu ugavana kwenda kuwa rais, akashinda 2002, 2006 na 2010, akatoka Januari 2015. Miaka 14. Akafuata Greg Abbott, aliyeshinda 2014, 2018 na 2022, na sasa anautafuta muhula wa nne. Kijana wa Houston aliyezaliwa mwaka 2000 ameishi chini ya magavana watatu tu, na huyo wa kwanza hamkumbuki.

Lakini mfano mkubwa kuliko wote uko kwenu, mama. Weka Iowa na Virginia sambamba. Chukua Januari 1970 hadi Januari 2026, miaka 56. Virginia imeongozwa na watu 14 tofauti, kila mmoja minne yake, na Januari hii ameapishwa wa 15, Abigail Spanberger, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Iowa katika muda huohuo imeongozwa na watu watano. Watano tu: Robert Ray, Terry Branstad, Tom Vilsack, Chet Culver, kisha Branstad tena, kisha Kim Reynolds.

Robert Ray ungempenda. Aliingia 1969, akachaguliwa mara tatu kwa miaka miwili miwili, kisha mara mbili kwa minne, jumla miaka 14 kwa chaguzi tano. Mwaka 1975 alikubali kuwapokea Iowa wakimbizi wa jamii ya Tai Dam waliotoka Laos, jamii nzima pamoja, ili wasitawanywe nchi nzima. Siwezi kusema kwamba angefanya hivyo au asingefanya kama angekuwa na ukomo. Ninachojua ni kwamba mwaka huo alikuwa tayari ana miaka sita ofisini na wapiga kura walimjua, na gavana anayejulikana hivyo ana kifua cha kubeba uamuzi ambao wengine wataunung'unikia.

Terry Branstad ndiye mwenye rekodi ya nchi nzima. Aliapishwa Januari 1983 akiwa na miaka 36, akakaa mihula minne hadi 1999. Akatoka kwa hiari yake. Miaka 11 baadaye, 2010, akarudi kugombea, akamshinda gavana aliyekuwa madarakani, akashinda tena 2014. Desemba 2015 alimpita yule George Clinton wa New York, ambaye rekodi yake ilikuwa imesimama tangu 1804. Alipojiuzulu Mei 2017 ili awe balozi nchini China alikuwa amepita miaka 22. Hakuna gavana wa jimbo lolote la Marekani aliyewahi kufika hapo.

Je, ni vizuri? Mimi huwa najibu hivi: kutokuwepo kabisa kwa ukomo kunanitia wasiwasi, lakini kanuni ya Virginia inanisumbua zaidi, na nitakuonyesha kwa nini kwa kitu kimoja tu, bajeti. Virginia hupanga bajeti ya miaka miwili miwili. Gavana anayeondoka huwasilisha bajeti mpya mwezi Desemba, wiki chache kabla hajatoka. Anayeingia Januari anaikuta mezani. Anaweza kuirekebisha, lakini mifupa si yake. Bajeti ya kwanza anayoipanga mwenyewe tangu mwanzo anaiwasilisha Desemba ya mwaka wa pili. Ya pili anaiwasilisha Desemba ya mwaka wa nne, na Januari anakabidhi funguo za nyumba. Yaani katika miaka minne, mtu aliyechaguliwa na mamilioni anapanga na kusimamia bajeti moja tu iliyo yake kamili. Anayepanda mwembe hapo hawezi kula embe lake, na watumishi wa jimbo wanalijua hilo; mtu akitaka jambo lisifanyike, anasubiri tu.

Kurudi Virginia kunaruhusiwa baada ya kupumzika muhula mmoja, lakini ni wachache wanaoweza. Mills Godwin aliweza: 1966 hadi 1970 kwa tiketi ya Democrat, kisha 1974 hadi 1978 kwa tiketi ya Republican. Terry McAuliffe alitoka 2018, akajaribu 2021, akashindwa.

Sasa yale majimbo mengine yenye ukomo. Mengi yanasema miaka minane mfululizo, kisha pumzika, kisha ukipenda rudi. James Rhodes wa Ohio alikaa 1963 hadi 1971, akapumzika, akarudi 1975 hadi 1983, jumla 16, bila kuvunja sheria yoyote. Yapo yanayohesabu kwa dirisha la miaka: Indiana na Oregon wanasema minane katika kila 12, Montana na Wyoming minane katika kila 16. Na yapo tisa yanayofunga moja kwa moja: mihula miwili maishani, basi. California, Michigan, Missouri na Oklahoma wamo, na North Dakota wamejiunga kwa kura ya 2022. California waliweka ukomo huo mwaka 1990, na kwa kuwa haukuhesabu ya nyuma, Jerry Brown, aliyekuwa gavana 1975 hadi 1983, aliweza kurudi 2011 na kukaa mihula mingine miwili. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka 36, akaimaliza akiwa na 80. Ni mlango ambao hautafunguka tena kwa mtu mwingine wa California.

Huenda ukauliza: kama wananchi wa jimbo wanaweza kumwekea gavana ukomo, kwa nini wabunge na maseneta wao kule Washington hukaa miaka 30? Walijaribu. Arkansas waliweka ukomo kwa wote mwaka 1992. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua 1995, kwa kura 5 kwa 4, kwamba jimbo haliwezi kuongeza sharti kwa wabunge wa Congress. Kwa gavana jimbo lina mamlaka kamili, kwa hao halina.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Ukomo humhesabu mtu. Nguvu iliyo nyuma yake hauihesabu. Alabama walikuwa na kanuni kama ya Virginia, gavana hajirithi. George Wallace, yule aliyesimama mlangoni mwa chuo kikuu mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi, alikaribia mwisho wa muhula wake. Mwaka 1965 aliita bunge la jimbo likutane kwa dharura ili abadilishiwe katiba. Seneti ya jimbo ikakataa. Basi akamsimamisha mke wake, Lurleen. Kila mtu alijua; mikutanoni mke alisema maneno machache, mume akashika kipaza sauti kwa muda uliobaki. Mke akashinda kwa kishindo Novemba 1966, akaapishwa Januari 1967. Alikuwa tayari anaugua saratani. Akafariki Mei 7, 1968, akiwa na miaka 41, naibu gavana Albert Brewer akachukua kiti. Mwaka huohuo Alabama ikabadili katiba kuruhusu mihula miwili mfululizo. Wallace akagombea 1970, akamshinda huyohuyo Brewer, akakaa hadi 1979, na akarudi tena 1983 hadi 1987. Mihula minne ya kwake, ukiacha ule wa mkewe. Kila ninaposimulia habari hii namfikiria Lurleen kuliko mumewe. Alikuwa na watoto wanne na ugonjwa mwilini, akabebeshwa ofisi ili mlango usifungwe.

Kuna na hesabu ya muhula wa kurithi, ambayo inawachanganya hata waandishi wa habari. Gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa, naibu wake humalizia. Je, kipande hicho kinahesabiwa? Missouri imeandika wazi: ukimalizia zaidi ya miaka miwili ya muhula wa mwingine, utachaguliwa mara moja tu. Mike Parson aliingia Juni 2018 baada ya Eric Greitens kujiuzulu, akamalizia miaka miwili na miezi saba, akachaguliwa 2020, na mwaka 2024 hakuruhusiwa kugombea. Alikaa sita na nusu hivi. Kwenu Iowa hakuna hesabu hiyo: Kim Reynolds alimrithi Branstad Mei 2017, akachaguliwa 2018 na 2022, na angeweza kuendelea. Alitangaza Aprili 2025 kwamba hagombei tena.

Miaka niliyotaja yote ni ya wanaomaliza salama. Wapo wasiomaliza. Illinois, Rod Blagojevich aliondolewa na seneti ya jimbo Januari 2009 kwa kura 59 bila hata moja ya kupinga. Andrew Cuomo wa New York alijiuzulu Agosti 2021 akiwa kwenye muhula wa tatu. California wapiga kura walimwondoa Gray Davis kwa kura ya kumrudisha nyumbani Oktoba 2003, hata mwaka haujaisha tangu wamchague tena, wakamweka Arnold Schwarzenegger. Kura ya namna hiyo haipo katika kila jimbo. Iowa hamna, kwa hiyo mkishamchagua mtu wenu mnaishi naye miaka minne, isipokuwa bunge la jimbo limshtaki na kumwondoa. Na mwanao akipenda vituko, mwambie kuhusu Hiram Bingham wa Connecticut, yule aliyeitangaza Machu Picchu kwa ulimwengu: aliapishwa ugavana Januari 1925 wakati tayari amechaguliwa kuwa seneta, akakaa siku moja.

Nataka pia umwonyeshe mwanao mlango mmoja. Jengo la serikali la Massachusetts, mjini Boston, lina milango mikubwa ya kati ambayo siku zote imefungwa. Watu wote, gavana akiwemo, hupita pembeni. Hufunguliwa kwa mambo machache tu, kama vile ziara ya rais, au kurudishwa kwa bendera ya kikosi kilichotoka vitani. Na hufunguliwa gavana anapomaliza muda wake. Hushuka ngazi kuu, hupita katikati ya milango ile, huteremka ngazi za nje kuelekea barabara ya Beacon na uwanja wa Boston Common ulio ng'ambo, halafu anaingia katika watu. Desturi huanzia na Benjamin Butler, aliyetoka peke yake Januari 1884 baada ya mwaka mmoja tu. Massachusetts, kumbuka, haina ukomo wa mihula. Hakuna sheria inayomwambia gavana ni lini apite mlango ule, wapiga kura ndio humwambia, au nafsi yake.

Kwa hiyo kwenye kazi ya shule mwanao aandike hivi: katika majimbo 48 muhula ni miaka minne, katika New Hampshire na Vermont ni miwili, majimbo 13 hayana ukomo wa mihula, na Iowa ni mojawapo. Mwalimu akitaka mfano, aandike Branstad, zaidi ya miaka 22.

Na kwako wewe, mama. Kwa kuwa Reynolds hagombei, Novemba 2026 jina la gavana aliye madarakani halitakuwa kwenye karatasi ya kura. Jambo hilo halijatokea Iowa tangu 2006. Utakapofika kituoni utakuta majina ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho, na atakayeapishwa Januari 2027 ataingia bila tarehe yoyote ya mwisho iliyoandikwa mbele yake. Waulize wanaokuja kuomba kura yako, hata kwenye mkutano wa kanisani au mlangoni kwako, wanakusudia kukaa muda gani. Swali hilo wagombea wa Iowa hawaulizwi mara nyingi, na wewe unayo haki ya kuliuliza.